Seli Huamuliwa na Jirani Yake

Mnyoo aitwaye C. elegans akikomaa hufikia milimita 1 tu. Yai lake lina urefu wa mikromita 50 hivi, na ganda lake hupitisha mwanga, kwa hiyo yanayotendeka ndani huonekana kwa hadubini. Huko Cambridge, Uingereza, mtafiti John Sulston aliyachungulia kwa takriban mwaka mmoja na nusu, kila siku kwa muda wa saa nne asubuhi na saa nne nyingine baadaye, akichora kwa mkono kila seli ilipogawanyika. Mwaka 1983 yeye na wenzake walichapisha ukoo mzima: seli 671 huzaliwa, 113 hufa kwa mpango, na mnyoo huanguliwa akiwa na 558.

Ukoo huo ulionyesha seli ipi imetoka wapi. Ukubwa, umbo na nani anamgusa nani ni hesabu nyingine, na ina uzito wake. Kiinitete kikiwa na seli nne, seli ya P2 huigusa ABp na kuipa ishara. ABa, dada ya ABp, isiyoguswa na P2, hushika njia tofauti. Mwaka 1987 watafiti walizisukuma ABa na ABp zikabadilishana nafasi, na mnyoo akakua salama. Kumbe hazikuzaliwa tofauti. Ukubwa nao una kauli: mgawanyiko wa kwanza hutoa AB kubwa na P1 ndogo, na AB ndiyo hutangulia kugawanyika tena, kwa dakika mbili hivi.

Kupima ndiko kwenye kazi. Kiini cha seli huonekana kirahisi, lakini ukingo wa seli yenyewe hufifia. Kwa hiyo utando hupewa protini inayong'aa, aina iliyogunduliwa kwanza kwa yavuyavu wa baharini, kisha hadubini ya leza hupiga picha tabaka kwa tabaka na programu huziunganisha. Picha za chini huwa hafifu, na mwanga ukizidi huumiza kiinitete. Programu ikikosa kuona utando mmoja tu, seli mbili huhesabiwa kuwa moja. Ndiyo maana jicho la mtaalamu bado halijastaafu.

Jicho hilohilo hutumika kliniki, mayai ya binadamu yanaporutubishwa nje ya mwili. Siku ya pili au ya tatu mtaalamu hutazama kama seli zinalingana. Zikiwa nne au nane, kulingana ni dalili njema. Zikiwa tatu, hutarajiwa moja kubwa na mbili ndogo, kwa kuwa ile kubwa bado haijagawanyika.