Kimbunga kinapokaribia Muscat, ndege iliyoegeshwa huwa dhamana ya nani?

Jumapili ya tarehe 3 Oktoba 2021, safari za ndege za kuingia na kutoka Muscat zilisimamishwa huku kimbunga Shaheen kikielekea pwani ya Oman. Usiku huo kilipiga nchi kavu katika ukanda wa Al Batinah, kaskazini magharibi ya mji mkuu, na watu zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Abiria waliokwama walitaka kujua watasafiri lini. Swali ambalo ni wachache waliouliza ni hili: ndege inapobaki uwanjani bila rubani wala abiria, na upepo unazidi kuvuma, iko mikononi mwa nani?

Uwanja wa Kimataifa wa Muscat uko Seeb, karibu kabisa na bahari, na jambo hili si geni kwake. Mwezi Juni mwaka 2007, ulipokuwa bado ukiitwa Uwanja wa Seeb, ulifungwa kwa sababu ya kimbunga Gonu, ambacho kiliua watu wapatao 50 nchini Oman na kusababisha hasara ya takriban dola bilioni 4. Mei 2018 ilikuwa zamu ya Salalah, kusini mwa nchi, uwanja wa huko ulipofungwa wakati wa kimbunga Mekunu.

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zinaeleza bayana dhamana ya rubani mkuu. Huanza pale ndege inapokuwa tayari kusogea kwa ajili ya kuruka, na huisha inaposimama mwishoni mwa safari na injini kuzimwa. Rubani akishateremka na mkoba wake, wajibu huo hauangukii mtu mmoja. Hugawanyika, na hapo ndipo penye utata.

Sehemu ya kwanza ni ya dola. Kanuni hizo hizo zinataka idara ya hali ya hewa itoe onyo la uwanja, yaani taarifa fupi kuhusu hali inayoweza kudhuru ndege zilizo chini, zikiwemo zilizoegeshwa. Nchini Oman kazi ya utabiri iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Msimamizi wa uwanja, kampuni ya Oman Airports, hupanga maegesho na kuhakikisha vitu vinavyoweza kupeperushwa, kama vile ngazi, matoroli na makontena ya mizigo, vimefungwa au vimeondolewa. Lakini onyo halifungi ndege. Kuifunga ni kazi ya mwenye ndege, yaani shirika linaloiendesha, ama kwa mafundi wake wenyewe ama kwa kampuni ya huduma za ardhini iliyopewa kazi hiyo kwa mkataba.

Kazi yenyewe haina fahari. Magurudumu huwekewa kabari mbele na nyuma, kwa kuwa breki ya kuegeshea hutegemea shinikizo la mafuta ya haidroliki lililohifadhiwa, na shinikizo hilo hupungua kadiri saa zinavyopita. Injini hufunikwa, na milango hufungwa. Ndege ndogo hufungwa kwa kamba au minyororo kwenye pete zilizopachikwa sakafuni, na usukani wake hukazwa ili mabawa ya mkia yasipigwepigwe na upepo. Ndege kubwa huelekezwa pua upande unakotoka upepo, na pengine hujazwa mafuta ili iwe nzito zaidi.

Uzito huo una maana yake. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne, na mkia mrefu wa ndege huupokea upepo huo kama tanga la jahazi. Tarehe 17 Desemba 2023 mjini Buenos Aires, dhoruba iliizungusha ndege ya Boeing 737 ya shirika la Aerolíneas Argentinas iliyokuwa imeegeshwa, ikagonga ngazi ya abiria. Tarehe 28 Mei 2024 upepo uliisukuma ndege ya aina hiyo hiyo ya American Airlines na kuiondoa kwenye lango lake katika uwanja wa Dallas Fort Worth. Mashirika yote mawili ni makubwa na yenye uzoefu.

Kwa sababu hiyo, kimbunga kikubwa kinapotabiriwa mapema, kinga bora ni kuirusha ndege na kuipeleka mbali. Manahodha wa kale hawakuwa na nafasi hiyo. Kimbunga kilichoipiga Unguja mwezi Aprili 1872 kilivikuta vyombo vya Sultani Barghash vikiwa vimetia nanga bandarini, na vingi vikaangamia. Hata hivyo, kuhamisha ndege kunahitaji marubani waliopumzika, nafasi katika uwanja mwingine, na uamuzi uliofanywa kabla uwanja haujafungwa. Meneja akichelewa kwa matumaini kwamba kimbunga kitageuka, mzigo wote humwangukia fundi mwenye kabari.

Nani hulipa mambo yakiharibika? Mkataba wa kawaida wa huduma za ardhini uliotungwa na IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, unaiwajibisha kampuni ya huduma kwa uharibifu wa ndege uliotokana na uzembe wake, lakini kwa kiwango kisichozidi dola milioni 1.5. Kinachozidi hapo hubaki kwa shirika na bima yake. Ikiwa mkataba haukutaja kazi ya kufunga ndege wakati wa dhoruba, shirika litapata taabu kudai hata kiasi hicho. Mstari mmoja ulioachwa katika karatasi waweza kugharimu zaidi ya minyororo yote ya uwanjani.

Upepo si hatari pekee. Mwezi Mei 2003 ndege ya Boeing 727 iliyokuwa imekaa zaidi ya mwaka mzima mjini Luanda, Angola, iliruka bila idhini na hadi leo haijapatikana. Mwaka 2018 mfanyakazi wa ardhini mjini Seattle, Marekani, aliirusha peke yake ndege ya Horizon Air isiyo na abiria, ikaanguka naye akafa. Huyo wa Seattle hakuruka ua: alikuwa na kibali halali cha kuingia. Mjini Muscat ulinzi wa uwanja uko chini ya Polisi ya Kifalme ya Oman, lakini polisi wa langoni hawezi kujua kama mlango wa ndege fulani umefungwa. Hilo ni juu ya shirika.

Kuna pia adui asiye na kishindo. Oman ilisimamisha safari za abiria kuanzia tarehe 29 Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na hazikurejea hadi tarehe 1 Oktoba. Ndege zilikaa juani miezi sita. Mwezi Agosti mwaka huo, wakala wa usalama wa anga wa Ulaya ulionya kwamba ndege zilizoegeshwa muda mrefu zilikuwa zikionyesha kasi isiyo sahihi zinaporudi kazini, na uchafu na wadudu walioziba vibomba vya kupimia kasi wakatajwa kuwa miongoni mwa sababu. Vibomba hivyo huvishwa vifuniko vyenye utepe mwekundu mrefu, ili fundi atakayeiandaa ndege kwa safari yake ya kwanza asisahau kuvivua.