Wastani na Kipimo cha Maendeleo Kariakoo

Soko Kuu la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, kisha likajengwa upya. Je, mafanikio ya mradi wa namna hiyo hupimwaje? Kuhesabu vizimba hakutoshi. Mathalani, katika wafanyabiashara 10, mmoja akiongeza faida ya shilingi 10,000 kwa siku, na 9 wakipungukiwa shilingi 500 kila mmoja, wastani hupanda kwa shilingi 550, ilhali walio wengi wamerudi nyuma. Kwa hiyo mpimaji hana budi kuchunguza mapato ya kila kundi, machinga na mama ntilie wakiwemo, kabla ya mradi na baada yake, kisha kuyalinganisha na ya soko ambalo mradi haukulifikia.