Kabanyolo: Shamba Lililoiokoa Soya

Kaskazini ya jiji la Kampala, mwendo wa kilomita zipatazo 19, liko shamba la Chuo Kikuu cha Makerere liitwalo Kabanyolo. Lilianzishwa mwaka 1953 ili wanafunzi wa ukulima wasiishie vitabuni tu, bali washike jembe na kuujua udongo. Wako waulizao: je, mkulima wa Lira au Apac, ambaye hajapata kukanyaga lango la chuo, hunufaika na nini? Habari za soya zatosha kuwajibu.

Mwaka 1996 maradhi ya kutu yalionekana katika mashamba ya soya ya Uganda. Maradhi haya huletwa na kuvu ambayo vumbi lake huchukuliwa na upepo kutoka shamba hadi shamba. Majani hupata madoa ya kahawia mfano wa kutu ya chuma, hupukutika kabla ya wakati, na maganda hubaki na punje zilizosinyaa. Dawa ya kunyunyizia ipo, lakini mkulima mdogo huimudu kwa shida.

Kwa hiyo wataalamu wa Makerere, wakiongozwa na Profesa Phinehas Tukamuhabwa, walitafuta kinga ndani ya mbegu yenyewe. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbegu ya kwanza asili yake ilikuwa kituo cha utafiti cha Ibadan, Nigeria. Ilijaribiwa Uganda, na mwaka 2004 ikatolewa kwa wakulima kwa jina la Maksoy 1N. Mwaka 2010 ikafuata Maksoy 3N.

Kuzalisha mbegu mpya ni kazi ya subira. Ua la soya ni dogo mno. Mtaalamu hulifungua kwa kikoleo, akalipaka chavua ya mmea mwingine, kisha huchagua wazao wake msimu baada ya msimu. Heri ni kwamba soya hujichavusha yenyewe, hata mkulima aweza kupanda tena mbegu aliyovuna, mradi asiiweke ghalani muda mrefu, kwani mbegu yenye mafuta hupoteza upesi nguvu ya kuota.

Kuvu nayo hailali. Hubadilika, na mbegu iliyo imara leo yaweza kushindwa kesho. Basi kulitunza shamba la Kabanyolo si kuwapendelea wanavyuoni. Ni kukilinda chungu cha mwananchi.