Mlango wa Mlima: Jiografia na Hali ya Hewa ya Mlango wa Scott Elliot katika Ruwenzori

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayefasiri kitabu cha jiografia kutoka Kifaransa hadi Kiswahili hukwama upesi mbele ya neno moja fupi: col. Neno hilo, ambalo asili yake katika Kilatini ni shingo, lataja mahali palipoinama kati ya vilele viwili, ambapo msafiri aweza kuvuka mlima bila kufika kileleni. Kulifasiri kwa “bonde” ni kupotosha, na kulifasiri kwa “kilele” ni kupotosha zaidi. Katika makala haya tutasema “mlango wa mlima”, kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kuzoea mlango wa mto na mlango wa bahari. Ili kupima kama jina hilo lafaa, tutazame mlango mmoja ulio jirani nasi.

2. Mahali na umbo

Mlango wa Scott Elliot uko katika milima ya Ruwenzori, upande wa Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Mwinuko wake ni mita 4372 juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja wasimama Mlima Stanley (mita 5109), na upande wa pili Mlima Baker (mita 4844). Jina lake lamkumbusha mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti aliyeitembelea milima hiyo mwishoni mwa karne ya kumi na tisa.

Ruwenzori si mlima wa moto kama Nyiragongo. Ni pande kubwa la miamba ya kale lililoinuliwa na nguvu za ardhi kando ya Bonde la Ufa. Zamani barafu iliyokuwa pana kuliko ya leo iliichonga miamba hiyo, ikaacha kuta zilizosimama wima na maziwa madogo: kaskazini mwa mlango, Ziwa Bujuku, kusini, maziwa ya Kitandara.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Maji ya Bujuku huteremka mashariki, huingia mto Mubuku, kisha Ziwa George, hupita mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward, na kutoka huko Ishango, katika nchi yetu, yakiitwa Semliki. Maji ya Kitandara huelekea magharibi kwa mto Butawu na kuingia Semliki moja kwa moja. Basi matone mawili ya mvua yaliyoachana mlangoni hukutana tena katika ardhi ya Kongo, yakaenda pamoja hadi Ziwa Albert na mto Nili.

3. Hali ya hewa

Hewa ipandayo hutanuka, na ikitanuka hupoa. Kwa wastani joto hupungua kwa takribani nyuzi 0.6 kila mita 100. Tuchukue mfano: ikiwa kwenye mwinuko wa mita 900, katika bonde la Semliki, pana nyuzi 25, mlangoni patakuwa na nyuzi 4 hivi. Usiku joto huweza kushuka chini ya sifuri. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, miezi haitofautiani sana kwa joto. Tofauti kubwa ni ile ya mchana na usiku.

Mvua ina vipindi viwili vikuu, Machi hadi Mei, na Agosti hadi Desemba. Lakini hata nje yake ukungu haukosekani. Asubuhi vilele huweza kuonekana wazi. Jua likipanda, unyevu wa mabondeni hupanda nao, ukageuka mawingu. Nao upepo, ukibanwa kati ya kuta mbili, huongeza kasi. Ndiyo sababu wapandaji hupenda kuvuka mapema.

Mimea nayo imejifunza baridi hiyo. Senesio kubwa za chini ya mlango hazitupi majani yaliyokufa: huyaacha yafunike shina mfano wa koti.

4. Theluji na barafu

Theluji ni ile iangukayo. Ikilundikana miaka mingi hugandamana ikawa barafu. Wanande na Wakonzo, wenyeji wa miteremko ya pande mbili, huita theluji nzururu. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilienea takribani kilomita 6.5 za mraba; mwaka 2003 ilibaki kama kilomita 1 tu, nayo yaendelea kupungua kadiri dunia inavyozidi kupata joto.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba mahali hapa hugawa maji bila kuyatenga, na hupitisha upepo na watu. Kwa hiyo “mlango” ni jina la haki kuliko “ukuta” au “mwisho”. Lakini kazi ya istilahi ina haraka yake. Ikiwa barafu itakwisha kabla hatujaieleza kwa lugha tunayofundishia, mtoto wa Mutwanga atalisikia neno nzururu, atainua macho mlimani, asione kitu cha kulilinganisha nalo.