Mbwa Wawili: Idadi katika Kislovenia na Kiburma

Kislovenia, lugha rasmi ya Slovenia, ni cha tawi la Kislavoni katika familia ya Kihindi-Kiulaya. Kiburma, lugha rasmi ya Myanmar, ni cha familia ya Kisino-Kitibeti. Kwa kuwa lugha hizi hazina nasaba moja, ulinganishi wake hauna budi kuwa wa kimuundo.

Mfano bora ni idadi. Kislovenia hutofautisha umoja, uwili na wingi: *pes* ni mbwa mmoja, *psa* ni mbwa wawili, *psi* ni mbwa zaidi ya wawili. Kitenzi nacho hufuata: *pes spi*, *psa spita*, *psi spijo*, yaani mbwa analala au wanalala. Uwili hudhihirika hata nambari isipotajwa.

Katika Kiburma, nomino inayohesabiwa haibadiliki. Husemwa *khwe hna kaung*: ‘mbwa’, ‘mbili’, kisha kiainishi cha wanyama. Binadamu huhesabiwa kwa kiainishi kingine, *yauk*. Kitenzi hakilazimiki kuonyesha idadi.

Kiswahili kimo baina ya hizo mbili. Katika ‘mbwa wawili wanalala’, nomino haibadiliki, lakini upatanisho wa kisarufi hudhihirisha wingi.

Ni kosa, basi, kudai kwamba lugha isiyo na viambishi vya idadi ni lugha duni. Zote hueleza uwili. Zinachotofautiana ni kile zinachomlazimisha msemaji kukitaja. Kislovenia humdai abainishe umoja, uwili au wingi. Kiburma, anapohesabu, humdai aina ya kinachohesabiwa.