Kutengeneza Mboji Nyumbani

Tuseme kwamba unakaa Mafiga, katika mji wa Morogoro. Usiku mvua kubwa ya masika imenyesha. Asubuhi unakwenda kuutazama Mto Morogoro, ambao huanzia katika milima ya Uluguru na kupita mjini. Jana maji yake yalikuwa maangavu. Leo yamekuwa mazito, tena yana rangi ya kahawia. Je, rangi hiyo imetoka wapi?

Rangi hiyo ni udongo. Mvua imeuchukua kutoka mashamba ya mlimani na bustani za mjini. Mto Morogoro huingia katika Mto Ngerengere, nao Ngerengere huingia katika Mto Ruvu, ambao humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Udongo ukifika baharini haurudi tena shambani.

Udongo unaochukuliwa kwanza ni ule wa juu, nao ndio wenye rutuba nyingi. Wakulima wa Uluguru walilijua jambo hili kwa uchungu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Mahali pengi kazi hiyo ilifukia udongo mzuri wa juu na kuleta juu udongo wa chini usiokuwa na rutuba. Mazao hayakustawi. Mwaka 1955 wananchi waliikataa kazi hiyo.

Rutuba hupotea kwa njia nyingine pia. Ndizi na mchicha tunaokula hukua kwa chakula kilichotoka udongoni. Tukitupa maganda na mabua jalalani, chakula hicho hakirudi bustanini. Mwaka hadi mwaka udongo huzidi kuchoka. Katika somo hili utajifunza namna ya kuurudishia udongo mali yake.

Mboji ni nini?

Nenda chini ya mwembe. Ondoa majani makavu ya juu, kisha fukua kidogo kwa kijiti. Utaona majani yaliyokatikakatika, na chini yake kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa mvua. Hiyo ni mboji. Mboji ni mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza kabisa.

Majani hayaozi yenyewe. Huozeshwa na viumbe hai. Baadhi yao unaweza kuwaona kwa macho, kama vile nyungunyungu na majongoo. Wengine, yaani bakteria na aina nyingi za kuvu, ni wadogo sana hata huwezi kuwaona bila hadubini. Viumbe hawa ndio wafanyakazi wetu. Anayetengeneza mboji kwa kweli anafuga viumbe hawa, kama vile mwingine anavyofuga kuku.

Mafiga matatu ya mboji

Neno mafiga lina maana ya mawe matatu ya kutelekea chungu. Wahenga walisema: Figa moja haliinjiki chungu. Lundo la mboji nalo lina mafiga yake matatu. Likikosekana moja, kazi huharibika.

Figa la kwanza ni chakula. Viumbe wa mboji huhitaji vyakula vya aina mbili. Vitu vikavu, kama majani makavu, mabua ya mahindi na nyasi kavu, huwapa kaboni, ambayo huwatia nguvu. Vitu vibichi, kama maganda ya ndizi, mabaki ya mboga, magugu mabichi na samadi, huwapa naitrojeni, ambayo hujenga miili yao.

Figa la pili ni maji. Lundo likikauka, viumbe hawa huacha kazi.

Figa la tatu ni hewa. Viumbe wanaofaa zaidi kwa mboji hupumua oksijeni kama sisi. Lundo likijaa maji, hewa hukosa nafasi. Hapo hutokea bakteria wa aina nyingine wasiohitaji oksijeni, nao huleta uvundo.

Vitu visivyofaa

Usitie nyama, samaki wala mafuta, kwa sababu huvuta panya na nzi. Usitie kinyesi cha mbwa au cha paka, kwani kinaweza kuwa na minyoo ya magonjwa. Usitie mimea yenye ugonjwa wala magugu yaliyokwisha kuzaa mbegu. Plastiki, vioo, vyuma na betri haviozi kuwa mboji, tena huharibu udongo.

Namna ya kutengeneza lundo

1. Chagua mahali penye kivuli, mbali na kisima. Pima eneo la mita moja na nusu kila upande. Litifue kwa jembe ili nyungunyungu waweze kupanda.

2. Tandika vijiti na mabua manene kwa kimo cha sentimeta 20. Hewa itapita hapo chini.

3. Weka tabaka la vitu vikavu, kimo cha sentimeta 20. Vikatekate vipande vidogo ili vioze upesi.

4. Juu yake weka tabaka la vitu vibichi, kimo cha sentimeta 10.

5. Nyunyiza samadi kidogo au udongo wa bustani. Humo mna bakteria na kuvu wa kuanzisha kazi. Unaweza kuongeza majivu kidogo.

6. Mwagia maji, kisha rudia matabaka hayo mpaka lundo lifike kimo cha mita moja au zaidi kidogo.

7. Funika kwa nyasi au majani ya migomba. Wakati wa masika kifuniko huzuia mvua isichukue rutuba. Wakati wa kiangazi huzuia jua lisikaushe lundo.

8. Chomeka fimbo ndefu mpaka katikati ya lundo, uiache humo.

Mabaki ya jikoni ya kila siku yaweke katika debe lenye kifuniko. Debe likijaa, fukua lundo, mwaga mabaki ndani, kisha yafukie. Yakiachwa wazi yatavuta nzi. Nawa mikono kwa sabuni kila umalizapo kazi.

Kuchunguza lundo

Baada ya siku nne, chomoa fimbo na kuishika kwa uangalifu upande uliokuwa ndani. Utaikuta ina joto, wala hakuna aliyewasha moto. Joto hilo limetoka wapi? Kumbuka kwamba ukikimbia mwili wako hupata joto. Viumbe wa mboji nao, wakila na kupumua kwa wingi, hutoa joto. Katikati ya lundo kubwa joto linaweza kufika nyuzi 60 za sentigredi, na mwili wako una nyuzi 37 tu. Joto hilo likidumu siku kadhaa, huua viini vingi vya magonjwa na mbegu nyingi za magugu.

Kila baada ya majuma mawili geuza lundo kwa jembe au sepetu, ili vya nje viingie ndani. Chukua konzi moja uikamue. Ikiwa na umajimaji kama nguo iliyokamuliwa, maji yanatosha.

Lundo likiwa na uvundo, limekosa hewa: ligeuze na kuongeza vitu vikavu. Likiwa baridi na kavu, limekosa maji: limwagie. Likiwa na maji lakini halipati joto, huenda vitu vibichi ni vichache, au lundo ni dogo mno.

Baada ya miezi mitatu hivi lundo litakuwa limepungua sana. Kaboni nyingi imekwenda hewani pamoja na pumzi ya wale viumbe. Kilichobaki ni mboji. Tandaza debe moja katika kila mita moja ya mraba ya bustani, uichanganye na udongo wa juu.

Jaribio

Chukua makopo mawili yaliyo sawa. Toboa matundu matano chini ya kila kopo. Jaza kopo la kwanza udongo mkavu wa bustani. Jaza la pili udongo huohuo uliochanganywa na mboji kavu, nusu kwa nusu. Weka bakuli chini ya kila kopo. Mimina kikombe kimoja cha maji polepole katika kila kopo. Maji yakiisha kuchuruzika, pima yaliyo katika kila bakuli.

Ni kopo lipi limeshika maji mengi zaidi? Sasa fikiri tena juu ya Mto Morogoro. Udongo unaonyonya maji hauachi maji mengi yakimbie juu yake, na maji yasipokimbia hayachukui udongo. Lundo moja halitausafisha mto, lakini udongo wa bustani yenu utabaki kwenu.

Maswali

1. Taja mafiga matatu ya mboji. Eleza kitakachotokea likikosekana kila moja.

2. Kwa nini fimbo ilitoka na joto?

3. Kwa nini katika jaribio tulitumia makopo yaliyo sawa na kiasi kimoja cha maji?

4. Kwa juma moja, andika mabaki yote yanayotupwa nyumbani kwenu. Ni yapi yanayoweza kuwa mboji?