Salfa ya Bahari Hindi na Mashamba ya Karagwe

Asimamaye ufukoni Tanga au Mombasa wakati maji yamekupwa hunusa harufu aijuayo kila mvuvi. Sehemu ya harufu hiyo ni gesi yenye salfa iitwayo dimethili salfaidi. Chanzo chake ni mimea midogo ya baharini isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo ifapo, au iliwapo na wanyama wadogo, bakteria huvunja kampaundi ya salfa iliyomo ndani yake, na gesi hutoka majini ikaingia hewani. Zamani ilidhaniwa kuwa salfa ya bahari hurudi nchi kavu kwa njia ya haidrojeni salfaidi, ile inukayo kama yai viza. Mwaka 1972 James Lovelock na wenzake walichapisha vipimo vilivyochukuliwa melini katika Atlantiki, vikaonyesha kuwa mchukuzi mkuu yumkini ni dimethili salfaidi. Siku hizi hukadiriwa kuwa bahari zote hutoa kwa njia hiyo kati ya tani milioni 20 na 30 za salfa kila mwaka.

Je, kiasi gani cha salfa hiyo humfikia mkulima wa Karagwe au Kyerwa, ambaye yu mbali na Bahari Hindi kwa kilomita zipatazo 1,000?

Jibu limo katika tabia ya gesi yenyewe. Mchana, mwanga wa jua huzalisha hewani radikali za haidroksili, ambazo huishambulia dimethili salfaidi. Usiku kazi hiyo hufanywa na radikali za naitreti. Matokeo yake ni salfa dioksaidi na asidi ya methani-salfoniki, pamoja na kampaundi nyingine za kati, mojawapo ikiwa imetambuliwa hewani na kutangazwa mwaka 2020 tu. Salfa dioksaidi nayo hugeuka kuwa asidi salfuriki, aghalabu ndani ya vitone vya mawingu. Chembe za salfeti zinazopatikana huwa viini ambavyo mvuke hugandamana navyo kuwa wingu. Mwaka 1987 Charlson, Lovelock, Andreae na Warren walitoa nadharia kwamba kwa njia hiyo viumbe wa baharini husaidia kurekebisha joto la dunia. Ilikuwa nadharia ya kuvutia mno, lakini vipimo vya miaka iliyofuata havikuipa nguvu iliyotarajiwa.

Wanafunzi na wakokotoe. Upepo wa kusi ukivuma kwa meta 5 kwa sekunde husafiri kilomita 432 kwa siku. Hivyo huhitaji siku mbili na robo na zaidi kidogo kufika Karagwe. Tuseme umri wa wastani wa gesi hii hewani ni siku moja, maana yake kila siku ipitayo hubaki kama asilimia 37 ya ile ya jana. Itakayofika itakuwa sehemu moja ya kumi tu. Salfeti iliyotokana nayo huweza kudumu siku kadhaa, lakini mvua huiosha njiani. Tena mvua nyingi za Kagera hutokana na mvuke wa Ziwa Viktoria, ambalo ni la maji baridi yenye salfeti kidogo sana. Gesi ya bahari ifikayo bila taabu ni karbonili salfaidi, yenye kudumu miaka, lakini hiyo ni kama nusu ya molekuli moja katika kila molekuli bilioni za hewa.

Magharibi, umbali usiofika kilomita 250, ziko Nyiragongo na Nyamulagira, volkeno zitoazo salfa dioksaidi kwa wingi. Kwa bahati mbaya, au nzuri kwa mapafu ya watu, pepo za mashariki hupeleka sehemu kubwa ya moshi huo upande wa Kongo.

Salfa haina budi kuwamo katika protini: methionini na sisteini hazifanyiki bila yake, na maharage, chakula kikuu cha wilaya hizi pamoja na ndizi, tangu asili yana methionini haba. Kila gunia la maharage au kahawa liuzwalo huondoka na salfa ya shamba. Nyasi zichomwapo, sehemu kubwa ya salfa yake hupaa. Hatari hii si ya kubuni. Mwaka 1933 H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, pamoja na R. Leach, walieleza kuwa ugonjwa wa umanjano wa chai huko Nyasaland, yaani Malawi ya leo, ulitokana na upungufu wa salfa.

Dalili yake huchanganywa kwa urahisi na ya naitrojeni. Jani changa likiwa manjano ilhali ya chini bado kijani, ishukiwe salfa. Yakianza ya chini, ishukiwe naitrojeni. Yurea na DAP, mbolea zinunuliwazo sana, hazina salfa hata chembe. Shule inaweza kulijaribu jambo hili kwa vijaruba viwili vya maharage: kimoja kipewe gramu 100 za yurea, cha pili gramu 219 za salfeti ya amonia. Vyote vitapata gramu 46 za naitrojeni, lakini cha pili kitapata pia gramu 53 za salfa. Kwa kuwa salfeti ya amonia huongeza uchachu wa udongo, ni vema kiwepo kijaruba cha tatu chenye yurea na gramu 290 za jasi, ambayo huleta salfa karibu sawa bila kuuchachua.